Barua kwa wachoraji vijana wa Dodoma: mzee wa kopo amewakosea nini?

Wanangu, habari za kazi. Mi babu yenu wa vibao, nimechora bucha, saluni na gereji za mji huu toka enzi zile usiku unasikia fisi, na baadhi yenu brashi ya kwanza mmeshikia kwenye kibanda changu, kwahiyo leo nisikilizeni kama mzazi maana nimekasirika na hasira imenikaa wiki ya 2 sasa haitoki.

Mlinialika kwenye maonyesho yenu nikaja. Nimefika nakuta watu wamejazana kwenye picha moja wanacheka mpaka wanashikana mabega, nikasema ehee, leo vijana wamemgusa mkubwa. Nikapenya. Nakuta mzee wa Kigogo amekaa chini na kopo la plastiki la kuombea, simu kubwa sikioni, gunia la noti limefichwa chini ya shuka, na juu mmeandika kwa rangi nyekundu OFISI YANGU. Basi, kichekesho chenyewe ndo hicho. Na picha ilikuwa ishapata mnunuzi.

Kwa mkono wa aliyechora sina neno. Vile vidole vilivyokunjamana kwenye kopo, kisigino kilivyopasuka, katambuga ya tairi msumari umechomoza pembeni, mi kwa miaka yangu yote sijawahi kukipata kisigino namna ile. Ndo maana inaniuma. Mmepewa macho kama hayo alafu mnayatumia kumcheka mtu ambaye hata chai ya asubuhi hana uhakika nayo.

Mwaka 1974 nilikuwa mtoto. Mvua ilikata, mtama ukakauka ukiwa usawa wa magoti, tukala ule unga wa njano tuliouita yanga, na ulipoisha mama yangu mdogo akambeba mwanae mgongoni akapanda treni kwenda Dar. Alirudi baada ya miezi 3 na debe la unga na kanga mpya ya mama yangu. Hakuna aliyemuuliza kavipataje. Mama mdogo yule alikuwa hodari wa ngoma ya muheme, akishika ngoma kijiji kizima kinatoka nje, lakini mwaka ule hakugusa ngoma na alikuwa hamtazami mtu machoni mpaka mvua ziliporudi. Sasa niambieni gunia lake la noti lilikuwa wapi?

Mtu akiniambia Mgogo kazaliwa kuomba huwa namuuliza kama anaijua Mtunya. Hiyo ni njaa ya 1917 mpaka 1920, wazungu walikuwa wanapigana vita yao wenyewe, Wajerumani wakachukua ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba mizigo, Waingereza walipoingia nao wakachukua, alafu mvua ikagoma, watu wakafa kwa maelfu. Na nchi yetu hii mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, mara nyingi hazifiki hata milimita 600, zikikatika wiki 3 katikati hapo mwaka umekwenda. Hayo yote yanachoreka! Choreni ghala tupu. Choreni ng'ombe anahesabiwa na mtu ambaye sio wake. Mngeyachora hayo mngeona kama mnunuzi wenu angecheka.

Najua mtasema babu huo ni utani tu. Utani mnaujua nyie? Mtani anakuja msibani anamuigiza marehemu alivyokuwa bahili, watu wanacheka huku machozi yanawatoka, alafu huyohuyo ndo anashika jembe kuchimba kaburi. Na kwao wakifiwa na wewe unaenda unawarudishia. Mzee wa kopo atawarudishia nini? Ana ukuta gani wa kuwatundika nyie?

Waliochora kejeli wakaheshimika walimlenga mwenye nguvu. Daumier kule Ufaransa mwaka 1831 alimchora mfalme Louis-Philippe kama lijitu linene limekaa kitini, vikapu vya hela za maskini vinapandishwa kwa ubao mpaka mdomoni mwake, na mwaka 1832 akafungwa miezi 6. Wamakonde walimchonga mkoloni kwenye vinyago vya mapiko, vile vya kuvaa kichwani, wakamchezesha mbele ya kijiji. Joseph Bertiers wa Nairobi alianza na vibao vya baa na bucha kama mimi, leo anawarundika wakubwa wa dunia kwenye picha moja yenye vurugu tupu. Na Chéri Samba wa Kinshasa naye katoka kwenye vibao hivihivi, anaandika maneno ndani ya picha ili mtu asimame asome, na mara nyingi anajichora mwenyewe humohumo. Hilo la kujichora lishikeni. Kwenye picha yenu ile nyie hampo hata mmoja, mmesimama nje mnaonyesha kidole.

Na mji wenyewe huu, jamani! Mnaishi makao makuu ya nchi mnakosa cha kuchora? Shangingi linapita linawamwagia vumbi akina mama wa mboga, kioo kimefungwa, kiyoyozi kinapuliza. Bomba la maji lina utepe mwekundu, meza ya mgeni rasmi ina chupa za maji ya dukani, na bomba lenyewe kavu. Machawa wanasifia mpaka mtu aliyelala. Nyumba ina X nyekundu ukutani na ndani bibi anapika mlenda. Hayo mnayapita kila siku. Mi naona ni uoga, na uoga siwalaumu sana kwa sababu na sisi wazee tumewafundisha kunyamaza, tunataka picha ya tembo na Mmasai tuitundike sebuleni, kijana akichora ukweli tunamwambia mwanangu utatutia matatizoni. Lakini kama unaogopa chora maua, usimtafute mnyonge wa kumchekea.

Mengine kwa kifupi. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 isomeni kabla ya kuposti. Acheni kukopi kwenye simu. Msimpe mtu picha kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Mchoraji wetu Edward Tingatinga alitumia rangi za baiskeli kwenye ubao wa kawaida, kwahiyo habari za kanvasi bei ghali sitaki kuzisikia.

Juzi nilienda kumtafuta yule mzee, yupo kweli, anakaa karibu na soko la Sabasaba. Nikamuuliza kwa Kigogo kama kuna kijana alimpiga picha. Akasema ndio, alimpa shilingi 500 akamwambia ashike kitu sikioni kama anaongea na simu, na yeye hana simu, kwahiyo akavua katambuga yake akaishika sikioni. Alafu akaniuliza ile picha ilitoka vizuri.

Sikumjibu. Nimemwambia mtakuja wenyewe, na mna hela yake.