Wijeti za matangazo katika blogu: katazo lina msingi, lakini masharti yaandikwe wazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie malalamiko ambayo wanablogu wa hapa nchini Tanzania wamekuwa wakiyatoa dhidi ya majukwaa yanayohifadhi blogu zao, kwamba yanawazuia kubandika wijeti za matangazo za kampuni nyingine na hivyo kuwanyima kipato. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana kutengeneza na kutunza tovuti, na malalamiko hayo nayasikia karibu kila darasa jipya linapoanza. Kwa maoni yangu, katazo lenyewe lina msingi imara. Kosa la majukwaa ni kutoeleza bayana kinachokatazwa na sababu yake.

Wengi hudhani kuwa wijeti ni picha. Mwenye blogu hupewa mistari michache ya msimbo, yaani maagizo kwa kompyuta, akainakili, akaibandika pembeni mwa ukurasa, na bango likatokea. Lakini ndani ya mistari ile hamna bango lolote. Kazi yake ni kukiamuru kivinjari cha msomaji kiende kwenye seva ya kampuni nyingine, kichukue faili la JavaScript (lugha ya programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari) litakalokutwa huko wakati huo, na kulitekeleza kana kwamba limeandikwa na mwenye blogu mwenyewe. Faili hilo likishaingia linaweza kusoma anachokiandika msomaji kwenye fomu iliyomo katika ukurasa, kubadilisha viungo, au kumhamishia kwenye tovuti ambayo hakuiomba, na kampuni inaweza kulibadilisha wakati wowote pasipo mwenye blogu kuarifiwa. Ni sawa na kumwachia fundi bomba ufunguo wa nyumba, naye akawa na uhuru wa kumkabidhi ufunguo huo yeyote atakayenunua karakana yake.

Hatari hiyo ya kuuziana si ya kubuni. Mapema mwaka 2024 anwani ya polyfill.io, ambako tovuti nyingi duniani zilikuwa zikichukua msimbo wa kusaidia vivinjari vya zamani, iliuzwa kwa kampuni nyingine. Kufikia Juni mwaka huohuo ikagundulika kwamba msimbo uliotoka humo ulikuwa ukiwahamisha baadhi ya wasomaji wa simu hadi kwenye tovuti za kubeti, na tovuti zilizokuwa zikiutumia zilizidi 100,000. Wenye tovuti hizo hawakubandika kitu kipya. Tarehe 11 Februari 2018 ilikuwa zamu ya Browsealoud, wijeti yenye nia njema kabisa ya kuwasomea kwa sauti watu wenye shida ya kusoma: wahalifu walilichezea faili lake moja, na tovuti zaidi ya 4,000, zikiwamo za taasisi za serikali ya Uingereza na hata ya ofisi ya kamishna anayesimamia ulinzi wa taarifa nchini humo, zikaanza kutumia kompyuta za wasomaji kuchimba sarafu ya kidijitali iitwayo Monero.

Kwenye jukwaa linalohifadhi blogu za watu wengi, madhara huvuka mipaka ya blogu moja. Oktoba 2005 kijana wa Marekani, Samy Kamkar, alipenyeza msimbo katika ukurasa wake kwenye mtandao wa kijamii wa MySpace, akipita kwenye mwanya wa kichujio kilichowekwa kuzuia JavaScript. Kila aliyeutazama ukurasa huo akiwa ameingia kwenye akaunti yake alijikuta amemwongeza Samy kuwa rafiki, na ukurasa wake mwenyewe ukaanza kuwaambukiza wengine; kwa muda wa saa 20 hivi kurasa zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeguswa, na MySpace ikalazimika kuzima huduma ili ijisafishe. Ndiyo maana jukwaa la blogu la WordPress.com, lililoanza mwaka huohuo wa 2005, huiondoa JavaScript katika blogu za bure, ilhali jukwaa jingine, Blogger, ambalo ni mali ya Google tangu 2003, humpa mwanablogu kisanduku cha kubandika msimbo autakao. Blogu nyingi za Kiswahili zilianzia Blogger, na nadhani hapo ndipo tulipojengeka na imani kwamba kubandika chochote ni haki ya kuzaliwa nayo.

Nakiri kwamba usalama si sababu pekee. Jukwaa linalokataza matangazo ya wengine huku likiweka matangazo yake kwenye blogu za bure linalinda pia mapato yake, na hilo ni halali, kwa kuwa seva zina gharama na mwanablogu wa bure hazilipii. Lisilokubalika ni kuzificha sababu hizi mbili ndani ya kifungu kimoja. Mwanafunzi wangu anapobandika msimbo, akabonyeza kuhifadhi, kisha akaukuta umetoweka bila neno lolote la maelezo, hawezi kujua kama amezuiwa kwa sababu ni hatari kwa wasomaji wake au kwa sababu hajanunua kifurushi cha juu. Nimemwona pia mwalimu mmoja akifungiwa blogu yake ya maswali ya mitihani, iliyokuwa na kazi ya miaka, pasipo onyo na pasipo kuelezwa ni wijeti ipi iliyomponza. Masharti yalikuwepo, ni kweli, lakini kwa Kiingereza cha wanasheria.

Ninachopendekeza ni kwamba mpaka uwekwe kwenye msimbo. Picha ya tangazo iliyopakiwa na mwanablogu mwenyewe, pamoja na kiungo cha kawaida, iruhusiwe hata kwenye blogu ya bure, hata kama inalipiwa, mradi iandikwe kuwa ni tangazo. Msimbo unaochukuliwa kutoka seva ya nje uruhusiwe tu ukitoka kwa watoa huduma waliokaguliwa na jukwaa, tena ukiwa ndani ya fremu iliyofungwa, ambamo hauwezi kuusoma ukurasa wala kumhamisha msomaji. Teknolojia hiyo imo katika vivinjari vyote vya leo. Na jukwaa likiondoa kitu, litoe ujumbe wa sentensi mbili kwa Kiswahili, likitaja kifungu na kumpa mhusika siku kadhaa za kurekebisha kabla ya kumfungia.

Sitawasemea wanablogu bila kuwaambia upande wao pia. Nimefungua kwa simu blogu zinazoweka notsi na matokeo ya mitihani kwa ajili ya watoto wa sekondari, nikakuta wijeti zinazorusha matangazo ya kubeti na ya mikopo ya haraka juu ya somo lenyewe, katika nchi ambayo sheria hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Mwenye blogu hujitetea kwamba hayachagui yeye. Huo ndio ubaya wenyewe: ameikodisha sehemu ya ukurasa wake bila kubakiwa na uwezo wa kumkataa mpangaji. Tena bando linaloliwa na mabango hayo ni la mtoto au la mzazi wake.

Sheria nayo imeanza kutufikia. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wanayo ya kwao tangu 2019. Huko Ulaya, tarehe 29 Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri la duka la nguo la mtandaoni la Ujerumani liitwalo Fashion ID, kwamba aliyeweka kitufe cha Facebook kwenye tovuti yake anawajibika pamoja na Facebook kwa taarifa za wageni zinazokusanywa na kupelekwa huko kupitia kitufe hicho. Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini hoja yake ni nyepesi kueleweka mbele ya hakimu yeyote: aliyefungua mlango ndiye wewe.

Wakati tukisubiri majukwaa yarekebishe masharti yao, mwanablogu anayehitaji kipato amwombe mfanyabiashara picha ya tangazo lake, aipakie mwenyewe, aandike juu yake kuwa imelipiwa, na aweke Lipa Namba kwa maandishi ya kawaida. Hilo halihitaji msimbo wa mtu mwingine hata mstari mmoja.

Msomaji wako,
Morogoro