Wenye pumu wapimwe potasiamu pia

Ndugu Mhariri,

Mama yangu ana pumu tangu utotoni. Usiku mmoja mwaka jana, baada ya kuvutishwa dawa kwa mashine mara kadhaa, kifua kilifunguka lakini miguu ikamlegea, hata kikombe cha uji kikamshinda kushika. Tukaambiwa ni uchovu. Hospitali ya pili ndiyo iliyompima damu: potasiamu, madini yanayosaidia misuli na moyo kufanya kazi, ilikuwa 2.8, wakati kawaida ni 3.5 hadi 5.0.

Salbutamoli, dawa ya kuvuta inayofungua kifua, hasa dozi ikiwa kubwa, huiondoa potasiamu kwenye damu na kuiingiza ndani ya seli. Vidonge vya prednisoloni, vya kutuliza uvimbe kwenye njia za hewa, navyo huipoteza kwa mkojo, na vikitumika miaka mingi hudhoofisha mifupa. Potasiamu ikishuka mno, mapigo ya moyo huvurugika.

Sisemi dawa ziachwe. Bila hizo mama asingekuwepo. Wala mtu asijinunulie vidonge vya potasiamu, maana ikizidi nayo huua. Ninachoomba ni kliniki ziwapime wanaotumia prednisoloni muda mrefu, na mgonjwa akisema misuli inakaza au moyo unaenda mbio, asikilizwe.

Msomaji wenu,
Tanga