Kuhusu hizo mboga ulizoziacha

Zuhura shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mguu wa mama unaendelea vizuri. Najua umeninunia kwa kukaa kimya, hilo tutagombana tukionana. Leo nina jambo moja tu. Rehema kaniambia umeacha kabisa mboga za majani, eti zina nitrati na nitrati inaleta kansa. Halafu akaongeza, huku anacheka, kwamba soseji za asubuhi ziko palepale. Shoga!

Nitrati zimo kweli, tena nyingi: spinachi, saladi, bitiruti. Sehemu kubwa ya nitrati tunazokula hutoka kwenye mboga. Ikishaingia kwenye damu, karibu robo yake huvutwa na tezi za mate na kurudishwa kinywani, na bakteria wa kwenye ulimi huigeuza kuwa nitriti. Ukimeza mate, nitriti hiyo inakwenda kukutana na asidi ya tumbo. Ikikuta amini, zile zinazotokana na protini, ndipo nitrosamini, kemikali zinazoweza kuleta kansa, zinapoweza kutengenezwa. Hapo ndipo penye ubaya, na nadhani aliyekutisha aliishia hapo.

Hakukwambia kwamba mboga huja na vitamini C, ambayo huiwahi nitriti kabla haijazifikia amini. Ndiyo maana hata watengenezaji wa bekoni huongeza vitamini C au ndugu yake kwenye nyama. Wanajua wanachokikwepa.

Na usije ukaanza kusukutua dawa kutwa nzima uue hao bakteria wa ulimini, maana nakujua. Haohao wanasaidia kushusha presha.

Sasa soseji. Geuza pakiti usome maandishi yale madogo: ukiona E250, hiyo ni nitriti ya sodiamu, imeshatiwa tayari, haihitaji hata kupita ulimini. Amini zimo humohumo kwenye nyama. Nyama nyekundu nayo ina madini ya chuma ya aina yake, hemu, yanayochochea kazi hiyohiyo utumboni. Halafu wewe unazikaanga mpaka ziwe nyeusi! Moto mkali unatengeneza nitrosamini kwenye kikaango kabla hujatia kitu mdomoni. Na spinachi ndiyo ikafukuzwa. Bado nacheka, ingawa si la kuchekesha.

Mwaka 2015 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Gramu 50 kila siku huongeza hatari ya kansa ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Usiruke: ni asilimia 18 juu ya hatari uliyonayo tayari, si kwamba watu 18 katika kila 100 wataugua. Na nitrosamini si sababu pekee. Mimi mwenyewe soseji sijaziapia, nazila mara mojamoja, sizibabui.

Lakini mboga, Zuhura, kwa nini mboga?

Nani hasa alikwambia? Ni yule shemeji yako wa vidonge? Watoto nao umewakataza? Na lile tumbo lako, bado unameza dawa za kupunguza asidi? Daktari anajua? Na mbona hukuniuliza mimi kwanza?

Nijibu upesi, usimtume Rehema.

Wako,
Mwanaidi