Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uwanja wa Tenisi Ulipofikia

Wanachama wenzangu,

Mwaka jana mliponirudisha kwenye kiti hiki niliwaahidi kwamba mkutano wa leo tungeufanyia pembeni ya uwanja, watu wakicheza. Uwanja upo. Ila ni lami tupu isiyo na rangi wala mstari, na wavu ungali kwenye mfuko wake stoo. Ahadi sikuitimiza. Nitaeleza kilichotuchelewesha, na kosa lililo langu nitalitaja mwenyewe kabla halijaulizwa.

Mambo mengine ya mwaka nayapita haraka. Paa la ukumbi limezibwa na halivuji tena. Lango dogo limepata kitasa kipya. Hesabu zote zimo kwenye taarifa ya mweka hazina, ambayo kila mmoja ameshagawiwa. Kwa kweli kamati hii mwaka mzima ilikuwa kamati ya uwanja. Karibu kila kikao tulianza na uwanja, tukamaliza na uwanja, na yatokanayo yakaahirishwa.

Nianze na nafasi, maana hapo ndipo wengi wetu, mimi nikiwamo, tulipojidanganya. Uwanja wa kuchezea watu wanne una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97. Nilikwenda na kamba, nikapima, nikarudi kifua mbele: unaenea, tena inabaki nafasi ya mabenchi. Nilisahau kwamba mchezaji hasimami juu ya mstari. Anarudi nyuma kuufuata mpira mrefu, anakimbilia pembeni, na asipopata pa kusimamia anaishia kwenye uzio. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi linapendekeza, hata kwa michezo ya kujifurahisha, angalau mita 5.48 nyuma ya kila mstari wa mwisho na mita 3.05 kila upande. Jumla inakuwa mita 34.73 kwa 17.07. Kwa mashindano makubwa ni zaidi ya hapo.

Kipimo hicho kidogo kilitutosha kwa shida, na shida yenyewe ilikuwa mpaka. Tangu zamani tumeamini kuwa ua wa michongoma ndio mwisho wa eneo letu. Mpimaji alipokuja na ramani hakuangalia ua hata kidogo. Alipiga hatua, akachuchumaa, akaomba jembe, na chini ya mizizi akatoa jiwe la mpaka likiwa limefunikwa na udongo. Lilikuwa ndani ya ua, upande wetu, zaidi ya mita moja. Miaka yote tumekuwa tukipalilia ardhi ya jirani. Jirani alipopigiwa hodi alicheka, akatukaribisha kiti, na tukaandikiana makubaliano: ua unarudi mahali pake, uzio wa uwanja unasimama ndani ya mpaka wetu. Ndiyo maana benchi ziko upande mmoja tu. Naomba tusilifufue.

Lilikuja suala la kuulaza uwanja. Baadhi ya wanachama walitaka ulale sambamba na ukuta ili bustani isiguswe, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Lakini ungekuwa umeelekea mashariki na magharibi. Wengi wetu tunacheza jioni, jua likiwa chini. Anayeanzisha mpira huurusha juu na kuutazama. Upande mmoja wa uwanja angekuwa anautafuta ndani ya jua lenyewe. Tukaulaza kaskazini na kusini. Bustani imepoteza kona moja, na waridi wamehamishiwa mbele ya ukumbi.

Sasa kosa langu. Mvua zilikuwa zinakaribia na mkandarasi alikuwa na mashine isiyo na kazi kwa juma moja. Mhandisi alikuwa ameshachimba mashimo ya kupima udongo, majibu hayajatoka. Nilitia sahihi kazi ianze. Majibu yalipokuja, mashimo mawili yalikuwa salama. La tatu, karibu na mtaro wa zamani, lilitoa matofali yaliyovunjika, mizizi iliyooza, mifuko ya plastiki, na chini yake udongo wa mfinyanzi unaovimba. Udongo wa namna hiyo ukinywa maji unainuka, ukikauka unasinyaa na kupasuka, na chochote ulichojenga juu yake kinaufuata. Ufa kwenye barabara gari linauruka. Ufa kwenye uwanja wa tenisi unauharibu mchezo, kwa sababu mpira ukiudundia unakwenda unakotaka wenyewe.

Wakati huo kokoto zilikuwa zimeshamwagwa juu ya kona ile. Zikaondolewa zote. Kifusi kikachimbwa hadi udongo mgumu, kikatandazwa kitambaa cha kutenganisha udongo na mawe, na shimo likajazwa kwa tabaka jembamba jembamba, kila tabaka likishindiliwa kabla ya lingine kuwekwa. Gharama ya kufanya kazi mara mbili mmeiona kwenye hesabu, mstari wa tisa. Hiyo ni ya kwangu, siyo ya mkandarasi.

Wengine mmeniuliza kwa nini uwanja umeinama. Umeinama kwa makusudi. Unashuka kutoka upande wa maegesho kwenda upande wa ua, sentimita moja kwa kila mita, kwa hiyo upande mmoja uko juu ya mwingine kwa takribani sentimita 17. Ukicheza huoni. Kilichokatazwa ni kuuinua katikati kama mgongo wa paa ili maji yamwagike pande zote mbili za wavu. Wavu unapaswa kuwa na sentimita 91.4 katikati, na uwanja ukishuka kutoka hapo kwenda nyuma, mchezaji aliye nyuma anajikuta anaupigia wavu mrefu kuliko ule wa kanuni. Maji yanayotoka kwenye maegesho nayo hayaruhusiwi kupita juu ya uwanja. Mfereji wa kokoto wenye bomba la matundu unayakamata kabla hayajafika.

Kuhusu aina ya uwanja, kulikuwa na kambi nne na kelele za kutosha. Uwanja wa matofali yaliyosagwa ni mtamu kwa magoti, lakini unataka kumwagiliwa, kufagiliwa na kupigwa rola karibu kila siku, na sisi tuna mlinzi mmoja ambaye pia ndiye mtunza bustani. Majani ya asili hatukuyajadili hata dakika tano. Majani bandia yalikuwa na wapenzi wake. Zege ni imara mno likijengwa vizuri. Lisipojengwa vizuri nyufa zake ni ngumu kuzificha. Kura zikaangukia lami iliyopakwa akriliki, yaani rangi nzito ya plastiki. Niseme wazi kwamba mimi nilipigia zege.

Lami ilimwagwa, ikapigwa rola, ikaachwa ipoe na kukauka mafuta yake kwa wiki nne kabla ya kufikiria rangi. Katika wiki hizo mtu aliingiza meza na viti vya sherehe. Miguu ya viti imeacha vishimo vidogo, na vinahesabika. Mhusika anajijua, na amekwisha kuomba radhi.

Halafu tukafanya jaribio la maji, na hapa nataka mnielewe vizuri kwa sababu ndipo tulipokwama. Uwanja mzima unamwagiwa maji mpaka unafurika, kisha mnakaa saa moja mkingoja yatiririke. Saa ikitimia mnapita na sarafu. Dimbwi lililobaki, ukilaza sarafu ndani yake, maji hayatakiwi kuifunika. Ni kina cha kiasi cha milimita 2 tu. Tulikuta madimbwi matatu. Mawili yalikuwa kama utando, sarafu ikabaki juu. La tatu, hatua mbili nyuma ya mstari wa mwisho wa kaskazini, lilikuwa pana kama sinia, na sarafu ilizama kimya. Mkandarasi alisema jua lingelikausha kabla ya chai. Kweli lingelikausha. Lakini kila mvua ingelirudisha, maji yaliyotuama yangeila akriliki, na hapo ndipo kila mchezaji husimama akingoja mpira. Mkataba ulisema uwanja ukabidhiwe bila dimbwi la kina hicho, na sehemu ya mwisho ya malipo tulikuwa tumeizuia kwa ajili ya siku kama ile. Tulivutana miezi miwili. Barua zote zipo kwenye faili kwa katibu, anayetaka azisome. Mwishowe walirudi, wakajaza na kusawazisha.

Jambo moja lilikwenda sawa na si kwa akili yangu. Kijana wetu mmoja kwenye kamati alisisitiza tufukie mabomba matupu ya nyaya kabla lami haijamwagwa, ingawa suala la taa lilikuwa bado halijapitishwa. Niliona ni kupoteza fedha. Leo wengi mnataka taa, na hakuna atakayekata lami kuzipitisha nyaya. Taa zenyewe zinasubiri kura yenu. Pendekezo la kamati ni taa zinazotazama chini, zizimwe saa tatu usiku, bila ubishi wa seti ya mwisho. Wenzetu wawili ambao madirisha yao yanatazama uwanja wamekubali kwa sharti hilo, na ningeomba tuliheshimu kuliko wao wanavyotudai.

Rangi: bluu ndani ya mistari, kijani nje. Waliotaka nyekundu walishindwa kwa kura chache. Mashindano ya wazi ya Marekani yalipaka viwanja vyake bluu mwaka 2005 ili mpira wa njano uonekane vizuri, na sababu hiyo inatutosha. Watoto watapata mistari yao hafifu ya uwanja mdogo ndani ya ule mkubwa.

Leo tunahitaji maamuzi matatu: taa, utaratibu wa ufunguo na zamu, na mfuko wa matengenezo. Hili la tatu msilionee uvivu. Akriliki hupakwa upya kila baada ya miaka minne hadi minane, kutegemea jua na viatu, na tusipoanza kuweka akiba sasa tutakuja kuchangishana kwa hasira.

Rangi haitapakwa mpaka dimbwi la kaskazini lipite jaribio. Bomba litafunguliwa leo saa tisa, na saa kumi kamili tutapita na sarafu. Njooni wote, na viatu vya kisigino kirefu viacheni nje ya uzio.

Mwenyekiti