Hiyo namba 4294967297

Kaka Hamisi, mambo vipi,

Huku wote wazima, mtoto homa imeshamwachia tangu juzi. Sasa sikia, unakumbuka uliniambia anwani za intaneti za mfumo ule wa zamani jumla yake ni 4294967296, kwasababu ni 2 kipeo cha 32? Basi mi nikajumlisha 1 tu, na hiyo 1 imeninyima usingizi wiki nzima.

Iko hivi, yule mwanahisabati Mfaransa Fermat mwaka 1640 alishaona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65537 zote ni namba tasa, na zote unazipata kwa 2 kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 alafu unajumlisha 1, akaamini na inayofuata, hii yetu ya kipeo cha 32, nayo ni tasa. Ikakaa hivyo miaka kama 90 mpaka 1732, mwanahisabati mwingine, Euler, akiwa St. Petersburg kule Urusi akaonyesha inagawanyika kwa 641!

Na wala hakubahatisha. Aligundua namba tasa yoyote inayoigawa hiyo, ukiitoa 1 lazima kinachobaki kigawanyike kwa 64, kwahiyo unaruka 64 kwa 64, zisizo tasa unatupa, unabaki na 193, 257, 449, 577, 641. Tano tu kaka. Jana umeme ulivyokatika nikachukua daftari la mtoto na tochi ya simu nikagawanya kwa mkono: 193 ikabakiza 109, 257 ikabakiza 2, 449 ikabakiza 325, 577 ikabakiza 288, nikaingia 641, nashusha ile 7 ya mwisho napata 4487, na 641 mara 7 ni 4487 kamili. Sifuri! Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaamka. Jibu ni 6700417, na yenyewe ni tasa.

Ile 257 kubakiza 2 nayo ina sababu yake, zidisha zile tano za Fermat zote pamoja unapata 4294967295, yaani pungufu ya yetu kwa 2, kwahiyo kila moja kati ya zile lazima ibakize 2, hata kwenye 3 na 5 pia ni 2 hiyohiyo, fanya uone. Mi hiki ndo kimenigusa kuliko vyote, namba zinajuana kama ndugu.

Inayofuata, ya kipeo cha 64, ni 18446744073709551617, tarakimu 20. Mfaransa mwingine, Landry, aliivunja 1880 akiwa mzee wa miaka 82, akapata inagawanyika kwa 274177. Hiyo mi kwa mkono siiwezi, ila wewe una kompyuta, andika programu iruke 256 kwa 256 kuanzia 257, ni hatua 1071 tu mpaka uifikie, alafu niambie imechukua muda gani.

Msalimie shemeji na watoto.

Mimi nduguyo,
Salum