Rangi ya rupia isitupumbaze

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwatahadharishe wenzangu tunaokusanya sarafu za kale. Hivi karibuni muuzaji mmoja alinionyesha rupia ya mwaka 1890 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, iliyometa zambarau na samawati mithili ya shingo ya njiwa, akadai mara tatu ya bei ya kawaida kwa ajili ya rangi hiyo tu.

Rangi hiyo hutokea salfa ya hewani inapoungana na madini ya fedha, nayo kwa kawaida huanza na manjano hafifu, ikafikia samawati baada ya muda mrefu. Nilipoiinamisha sarafu penye mwanga wa dirisha, niliona mikwaruzo myembamba sana, na rangi imeingia hadi ndani yake. Yaani ilisuguliwa kwanza, rangi ikaja baadaye, iwe yenyewe au kwa mkono wa mtu. Uzito ulikuwa sahihi, karibu gramu 11.66, lakini mng'ao wa asili ulikwisha kufutika, na huo ndio hasa unaostahili kulipiwa nyongeza. Niliirudisha mezani, ingawa niliitamani mno.

Mkusanyaji wa sarafu,
Tanga