Stika: kabla hujakata mita ya kwanza

Wakuu, habari za asubuhi. Mnaokuja Jumamosi na mashine mpya za kukatia stika, someni hii kwanza.

Kinachoharibu kazi nyingi za anayeanza ni kisu kutokeza sana. Kitokeze kidogo tu, kama nusu ya unene wa kadi ya benki. Kwa stika ya kawaida tumia kisu cha nyuzi 45, anza na nguvu ya gramu 80 na mwendo wa taratibu, kisha kata pembetatu ndogo pembeni. Ibandue: itoke nzima, karatasi ya nyuma ibaki na alama hafifu tu. Pembe zikigoma, ongeza gramu 10 ujaribu tena. Karatasi ikitoboka, punguza, maana hapo unakula kisu pamoja na ukanda mweupe wa mashine ulio chini ya karatasi.

Kwenye kompyuta, herufi zinazopandana ziunganishwe ziwe umbo moja, la sivyo kisu kitapita katikati ya neno. Maandishi ya kubandika ndani ya kioo cha daladala, na ya fulana, yageuzwe kinyume.

Stika iingizwe imenyooka na roli za mashine ziikamate pande zote mbili. Ikiingia mshazari, jina refu litapinda.

Wenye kazi za mitumbwi pale mwalo wa Kirumba, Mwanza: rangi ikauke kabisa, futeni vumbi na mafuta kwa spiriti, bandikeni asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza kupeperusha tepu ya kuhamishia stika.

Kila mtu aje na nusu mita ya stika ya bei nafuu, ya majaribio.